Mwenye Wimbo

Risten wa Karasjok, huku kaskazini mwa Norwei, alianza ualimu kwenye darasa la kawaida, lenye madawati na ubao na watoto wanaonukia sweta mbichi. Baadaye ukahamia ndani ya chumba kidogo chenye dirisha moja, meza, kompyuta, taa ya kumulika uso na birika la kahawa. Wanafunzi wake walikuwa wametapakaa Norwei nzima, kila mmoja na mji wake. Hawa ni watoto ambao wazazi au bibi zao walihama kutoka huku kaskazini zamani, na sheria inawapa haki ya kufundishwa Kisami, lugha yetu sisi Wasami, popote walipo. Haki ni jambo zuri, nani atakataa. Ila ikishafika kule kwa mtoto, haki yenyewe ni kompyuta ndani ya stoo ya mipira, saa ile ile ambayo wenzake wako uwanjani, na yeye kakaa peke yake anamtazama mama mtu mzima wa mbali anayemwambia ataje aina za theluji.

Basi kazi kubwa ya Risten haikuwa kufundisha lugha. Kazi ilikuwa kumfanya mtoto asifunge kompyuta. Wakubwa wa elimu walilijua tatizo hilo, wakawa wanatuletea watu wa semina kutoka kusini, wenye picha za duara lenye rangi nyingi, na katikati ya duara limeandikwa neno motisha. Wapeni watoto nyota, walisema. Wapeni vikombe vya kuchorwa. Risten aliwapa nyota mwezi mzima. Watoto walizikusanya, wakaendelea kusinzia.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Oslo, Eskil, mjanja kama nini. Alijirekodi akiwa anatikisa kichwa kwa adabu, kisha akawa anaiweka ile video mbele ya kamera na yeye anaendelea na michezo yake. Risten aliligundua siku ya pili tu, akanyamaza. Akaendelea na somo kwa upole, halafu akasema, "Eskil, nimefurahi sana, leo unakubaliana na kila kitu. Nimesema wewe ni mbuzi, umekubali. Nimesema utaniletea keki ya kuoka kwa mkono wako, umekubali." Kikasikika kicheko kutoka pembeni, nje ya picha, na yule Eskil wa kwenye video bado anatikisa kichwa. Toka siku hiyo kijana alikaa mwenyewe kwenye kiti. Keki hakuleta.

Mbinu zake zilikuwa za namna hiyo. Alianza kipindi kwa kusema, nionyeshe kilichomo mfukoni mwako, na somo likatokea humo, kwenye tiketi ya basi au pipi iliyonyonywa ikarudishwa kwenye karatasi. Siku nyingine aliweka sufuria ya supu kwenye jiko la walimu, na kila mtoto kule aliko yuko jikoni kwao na nyama yake, wote wanapika, wote wanalalamika kwa Kisami kwamba kitunguu kinawaliza. Aliwahi kutoka na simu mkononi hadi zizi la kaka yake, kwenye baridi ya kukata masikio, ili watoto wawaone reinidia, wanyama wa pembe tunaowafuga huku, wakisukumana. Aliporudi hakuweza kushika kalamu mpaka mchana.

Lakini dawa yake iliyopita zote ilikuwa yoiki.

Huku kwetu yoiki si wimbo wa kumsifia mtu. Unamwimba mtu mwenyewe, mwendo wake, cheko lake, jinsi anavyoingia mlangoni. Maneno ni machache, mara nyingine hakuna kabisa. Na mtu hajitungii yake, wala hajiimbi. Ni lazima apewe na mwingine. Ukishapewa ni mali yako. Aliyeitunga hana chake tena pale, mwenye wimbo ni yule anayeimbwa. Risten alimtungia kila mwanafunzi wake, mmoja mmoja, akishamjua vya kutosha. Uso wa mtoto ukitokea tu kwenye skrini, kabla ya salamu, anamwimba. Ya Eskil ilikuwa inarukaruka na kukatika ghafla, kama mwenyewe. Watoto waliozoea kuchelewa wakaanza kuwahi, kwa sababu aliyechelewa hakuimbwa.

"Unawahonga hao," Inga-Marja, mwalimu wa chumba cha jirani, alimwambia Risten. Ukuta wao ulikuwa mwembamba na alizisikia yoiki zote kutwa. "Mimi nikifundisha hesabu nao wanaulizana kama yule mama wa nyimbo ana nafasi."

"Waimbe na wewe basi."

"Sauti hii? Watahama nchi."

Na sasa nimseme Tiril, maana ndiye aliyenifanya nianze habari hii.

Tiril aliishi Hellevåg, mji mdogo wa pwani ya magharibi unaonyeshewa mvua mpaka watu wake wameacha kuitaja. Mama yake aliitwa Mette, na Mette alikua akijua kwamba mama yake mzazi, Elen, alitoka "kaskazini," basi. Kaskazini gani, kwa watu gani, hakuambiwa. Elen alisoma shule za bweni za enzi zile, ambako mtoto wa Kisami aliadhibiwa kwa kufungua mdomo kwa lugha yake, akatoka huko ameapa wanawe hawatalipata hilo. Akaolewa na mvuvi wa Hellevåg, akalea, akazeeka, hakutamka neno la kwao. Halafu kiharusi kikampiga. Alipoamka Kinorwei chote kilikuwa kimemtoka, na kilichobaki ni kile alichokificha maisha yake yote.

Kwenye nyumba ya wazee wauguzi walidhani ananung'unika tu. Mette naye alidhani hivyo. Tiril, akiwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyesema, "Bibi hanung'uniki. Bibi anaongea." Akamrekodi kwa simu, akatafuta mtandaoni mpaka akapata sauti za kufanana na zile. Kisha akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule yake akasema anataka kufundishwa Kisami. Nimewahi kumsikia Risten akisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakupata mtoto mwingine aliyejiandikisha kwa miguu yake.

Ungedhani basi mtoto wa namna hiyo ni rahisi kumfundisha. Wapi. Miezi ya mwanzo Tiril alikaa mbele ya kamera na koti lake jekundu, zipu mpaka kidevuni, akawa hasemi. Aliogopa kukosea. Mifuko ilikuwa mitupu, supu ikaungua, nao reinidia aliwatazama kwa heshima kama mtu anayetazama picha za harusi ya jirani. Mpaka siku moja Risten akaweka vitabu pembeni.

"Tuache haya. Niambie, unataka kumwambia nini bibi yako?"

Tiril alifikiri. "Nataka kumuuliza kama anasikia baridi. Anavuta blanketi kila wakati, na hakuna anayejua ni kwa nini."

Risten akamfundisha hilo swali moja. Walilisema pamoja mpaka likakaa mdomoni. Wiki iliyofuata Tiril aliwahi kabla ya saa, zipu iko wazi.

"Hasikii baridi," alisema. "Anataka kahawa. Amesema kahawa ya pale ni maji waliyooshea vikombe."

Walicheka wote wawili hadi Inga-Marja akagonga ukuta. Risten alifunga kifurushi siku hiyo hiyo, kahawa yetu ya kuchemsha, jibini ya kutumbukiza ndani yake, na nyama kavu, akakipeleka posta. Kuanzia hapo somo la Tiril lilikuwa swali moja kwa wiki la kumpelekea bibi. Ulizaliwa wapi. Mama yako alikuwa mkali. Mlicheza nini. Na Tiril alirudi na majibu, mengine amekariri bila kuyaelewa, na Risten alimfungulia moja baada ya jingine. Ni kwa njia hiyo Mette alijua, akiwa mtu mzima mwenye mvi, kwamba alikuwa na mama mkubwa aliyekufa mdogo na kwamba jina lake yeye alirithi kwake.

Jua liliporudi Karasjok baada ya majira ya giza, yale ambayo halichomozi kabisa, Risten akampa Tiril yoiki yake. Ilipanda polepole, ikasimama katikati kama mtu anayesita mlangoni, halafu ikateremka yote kwa mkupuo.

Tiril hakutikisika. "Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Na ni wangu kabisa? Huo wimbo?"

"Kabisa. Hata mimi si mwenye huo wimbo tena. Ukiniambia niimbe naimba, ukiniambia niache naacha."

"Usiache," alisema Tiril.

Jumapili yake alibeba tableti hadi kwa bibi, na Risten, akiwa kwake na aproni kiunoni, akaimba kutoka upande wa pili wa nchi. Elen alisikiliza kichwa kimeinama. Mara ya pili akauingia wimbo naye, sauti imekwaruza lakini haikukosea hata mahali pamoja, miaka yote ile ya kunyamaza na bado ilikuwepo. Kuanzia siku ile ikawa hivi: jina la mjukuu Elen alilisahau, uhusiano wao aliusahau, siku mbaya alisahau hata kama amekula, lakini koti jekundu likitokea mlangoni alimwimba Tiril, mwanzo mpaka mwisho, akimnyooshea mkono. Ndivyo alivyomjua. Mette alimwandikia Risten kwamba alisimama kwenye korido na kulia mbele ya mtu wa kufagia. Risten alimsomea Inga-Marja ule ujumbe, na Inga-Marja, ambaye hana kawaida ya kumsifu mtu, alimmiminia kahawa bila kuombwa.

Laiti habari ingeishia hapo.

Baada ya sikukuu ya Pasaka Tiril alirudi na kamera imezimwa. Kwenye skrini palikuwa na mraba mweusi na jina lake. Alisema mtandao wa shule ni dhaifu. Risten akamwimba, akafundisha, mraba ukajibu ndiyo na hapana. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Maswali ya bibi yalipungua, kisha yakaisha. "Sikwenda," ulisema mraba. "Nilikuwa na kazi nyingi."

Sasa, ni lazima mtu ajue jinsi tulivyo. Huku kwetu mtoto hachokonolewi. Hata mgeni akiingia nyumbani hatumuulizi amefuata nini. Anakaa, anapewa kahawa, tunatazama moto, na jambo lake atalisema likiwa tayari. Kumuuliza mtu waziwazi una nini ni sawa na kumpekua mifuko. Risten alilelewa hivyo, na kwa unyamavu ule alilea wanawe watatu na kuwafikisha ukubwani watoto wa watu wasio na hesabu. Alimwona Tiril kanyamaza, akampa alichojua kumpa mtoto aliyenyamaza. Alimpa nafasi. Na kwa kuwa moyo ulimuuma, aliongeza wimbo. Alimwimba mwanzo wa kipindi na mwisho wa kipindi, kwa kirefu, kwa sauti ya kifua, ili mtoto ajue hajaachwa.

Inga-Marja alizisikia kupitia ukutani. Akaja na kikombe chake, akasimama mlangoni.

"Yule wa Hellevåg. Kuna kitu."

"Najua kuna kitu."

"Si umuulize."

"Atasema mwenyewe."

"Risten, wewe na huo ukimya wako." Inga-Marja aliweka kikombe chini. "Yule hakukulia hapa. Kule kwao mtu asipokuuliza, unajua hakuna anayejali."

Risten alikasirika. Alimwambia akafundishe hesabu zake. Lakini neno lilimwingia, na kipindi kilichofuata alikuja ameazimia. Mraba mweusi ulipotokea, alifungua mdomo amuulize Tiril, mwanangu, umepatwa na nini. Lakini haya ikamzuia. Badala ya swali ukatoka wimbo, mrefu kuliko siku zote, na ulipokwisha mraba ulikuwa hauko tena. Mtandao, alijiambia. Nami namwelewa, na bado nikikumbuka nashikwa na hasira naye, na hasira yenyewe inanirudia mimi, maana ningekuwa pale ningefanya vile vile.

Barua ilikuja kwa kompyuta, ya mistari michache, kutoka shule ya Hellevåg. Mwanafunzi anaacha somo la Kisami. Sababu: hana motisha.

Hana motisha. Neno lile lile la katikati ya duara. Mtoto aliyeenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, aliyemtoa bibi yake kwenye kunung'unika akamrudisha kuwa mtu, leo hana motisha. Risten alilisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Akampigia Mette kumwomba kipindi kimoja tu cha mwisho, na ikiwezekana mtoto awe nyumbani.

Tiril alikuwa mezani jikoni kwao. Kamera ilikuwa imewashwa. Alikuwa amekonda usoni, na koti jekundu hakuwa nalo, alivaa la kijivu. Risten alivuta pumzi, na Tiril akainua kiganja haraka.

"Usiimbe."

"Siimbi."

Walikaa. Risten, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kukaa vile mpaka jioni.

"Hedifoni zangu ziliharibika," Tiril alisema mwishowe. "Kabla ya Pasaka. Walisema wameagiza nyingine. Halafu wakanihamisha chumba, wakaniweka kile cha mlango wa kioo, pale kwenye makabati ya nguo. Kwa hiyo sauti yako ilikuwa inatokea kwenye spika."

Kamera ya kompyuta inaona uso wa mtoto na ukuta ulio nyuma yake. Haioni mlango.

"Walikuwa wanakuja kusikiliza. Wakijua ni saa yangu wanakuja. Mmoja alikurekodi. Sasa wanauimba. Nikipita koridoni wanauimba na kulia kama wanyama, nikiingia kwenye basi wanauimba. Hata watoto wadogo wa darasa la kwanza wanaujua, na wao hawajui hata ni kitu gani." Alisema yote hayo kwa sauti kavu, kama anayesoma. "Nikazima kamera nikidhani utaimba kidogo. Ukazidisha."

"Tiril."

"Ulianza kuimba mara mbili. Kila ukiimba walikuwa hapo hapo nje ya kioo, wanacheka, na mimi nimekaa nakutazama."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Hukuniuliza," alisema Tiril.

Risten alishika ukingo wa meza. Alikuwa na maelezo, mengi, ya mila na malezi na heshima, na aliona kwamba hakuna hata moja ambalo lingemfaa mtoto huyu. Akasema, "Kweli. Sikukuuliza."

"Na bibi," alisema Tiril, na hapo sauti ikaanza kumvunjika. "Bibi ananiimba kila nikiingia. Nilikuwa nasikia ni bibi. Sasa nasikia ni wao. Juzi juzi nilienda, akaanza, na mlango uko wazi, na kulikuwa na wageni kwenye korido. Nikamwambia anyamaze. Kwa Kisami. Neno lile ulilonifundisha, la kumwambia mbwa." Alijifuta pua kwa mkono. "Akanyamaza. Akaniangalia. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Risten alilia, na hakujificha, na Tiril alimtazama akilia. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga dirisha la jikoni.

"Ulisema ni wangu," alisema Tiril.

"Ni wako."

"Kabisa."

"Kabisa."

"Basi sitaki uimbwe tena. Na wewe, na bibi, na mtu yeyote. Sitaki huo wimbo uwepo."

Angeweza kumwambia kwamba wimbo haufutiki, na kwamba atakapokuwa mkubwa atauhitaji. Angeweza kumwomba amwachie bibi tu. Lakini alikuwa amempa mtoto neno lake, na huku kwetu mwenye wimbo ndiye mwenye amri.

"Sawa," alisema Risten. "Hautaimbwa." Kisha, kwa shida, akajikaza akauliza, "Kuna kingine unachotaka kuniambia? Chochote. Nakuuliza."

Tiril alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mzima aliyechoka. "Sasa ndiyo unauliza," alisema, na picha ikazimika.

Risten aliipigia shule ya Hellevåg siku hiyo hiyo. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, alisikitika kwa dhati, akasema watoto wale wataitwa na wazazi wao wataitwa, na waliitwa. Hedifoni mpya nazo zilifika, nzuri, za gharama, zenye jina la Tiril kwenye boksi. Zilikaa ofisini kwa karani mpaka zikapewa mtoto mwingine.

Risten aliendelea kufundisha. Sasa kabla ya yote anamwambia mtoto, geuza kamera nione mlango. Nani yuko nje? Unasikilizwa na nani? Mara ya kwanza alipomwambia hivyo Eskil, kijana alifungua mlango kabisa, akachungulia, akarudi na ripoti. "Hakuna mtu. Kuna ndoo na fagio. Niwaambie watoke?" Risten alicheka, kisha akamuuliza tena kama yuko sawa, na akamuuliza mara ya tatu, mpaka Eskil akaingiwa na wasiwasi akauliza kama yeye mwalimu ndiye anayeumwa. Anauliza sana siku hizi. Watu wa Karasjok wanamwona amekuwa mdadisi, na wengine wanaliona hilo ni uzee.

Wakati wa vuli muuguzi wa nyumba ya wazee ya Hellevåg alimpigia. Aliomba samahani kwa usumbufu. Alisema yule mama Elen haongei na mtu tena, kwa sababu hakuna wa kuongea naye. Binti yake anakuja na kumshika mkono, mjukuu haji. Wanakumbuka kulikuwa na mwalimu. Je, angeweza kumsalimu kidogo kwenye tableti, hata mara moja moja? Risten alisema atafanya hivyo kila Ijumaa. Hakuomba ruhusa ya mkubwa yeyote.

Basi kila Ijumaa muuguzi anaiegemeza tableti kwenye jagi la maji, na wale akina mama wawili wanaongea. Wanaongea habari za kahawa, habari za mbwa waliokufa zamani, habari za mama yake Elen aliyekuwa mkali. Elen anadhani Risten ni mtoto wa jirani wa kule kwao utotoni, na Risten amekubali kuwa huyo.

Ijumaa moja Elen alikatiza katikati ya habari ya mbwa.

"Kuna msichana alikuwa anakuja hapa."

"Ndiyo," alisema Risten.

"Msichana wa koti jekundu. Simjui ni wa nani. Lakini alipokuwa akija kulikuwa na wimbo tunaimba." Elen alikunja uso. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele kidogo, ukielekea mlangoni. "Nautafuta toka asubuhi na umenipotea. Unaanzaje ule? Nianzishie tu. Nikianzishiwa nitaupata."

Risten alikuwa nao mdomoni. Alikuwa nao mzima, unapanda polepole, unasita, na pale unapoteremka. Sauti moja tu ingetosha, na Elen angeumalizia mwenyewe. Upande wa pili wa ukuta Inga-Marja alikuwa amenyamaza, darasa lake limekwisha.

"Siukumbuki," alisema Risten.

Elen alimtazama, kisha akacheka, cheko la kirafiki kabisa.

"Na wewe unasahau," alisema. "Maskini. Bado mdogo hivyo."

Akateremsha mkono, akavuta blanketi, akauliza kama kahawa imechemka.